Namna ya kutengeneza vifaa vya kufundishia fraksio kwa karto na kamba, hatua kwa hatua

Ndugu walimu, mambo. Hii naandika kwa yule anafundisha darasa ya tatu mpaka ya sita primeri, na mzazi anayekaa na mtoto jioni na kaye ya hesabu pia asome, ju kuna kitu kimoja kinanisumbua sana: watoto wetu wanajua fraksio kwa mdomo, hawazijui kwa mikono. Mtoto anakuambia vizuri kabisa numerateri iko juu denominateri iko chini, kisha ukimuuliza kati ya 1/3 na 1/4 ipi kubwa anajibu 1/4 bila kusita, ju 4 inapita 3. Na mtoto huyo huyo jioni nyumbani, mkate ukikatwa, hawezi kukubali kipande cha watu wanne wakati kuna cha watu watatu. Anajua tayari. Ile tunamfundisha njo haishikani na ile anajua, na kazi ya kifaa ni kuzishikanisha hizo mbili.

Vitu vyote nitakavyoeleza hapa chini vinapatikana Bukavu bila kuagiza kitu mbali: karto tupu za biskwi na sabuni (wenye maduka ya Nyawera na Kadutu mara nyingi wanakuachia ukiomba vizuri), kaye ya mistari, lati ya cm 30, makasi au wembe, kamba, chupa ya maji, plato ya mayai iliyo tupu. Hakuna haja ya mashini ya kuprinti.

1. Kwanza sikiliza, usikate kitu

Kabla ya kukata hata karto moja chukua dakika 15 za somo na uwaulize watoto maneno gani wanayo. Nusu na robo wanayo wote, ju wanatumwa sokoni: nusu kilo, robo kilo, nusu Guigoz (ule mkebe wa maziwa wa kupimia) ya maharagi. Lakini theluthi ni neno ya kitabu, mtoto wa Bagira au Panzi hajawahi kulisikia kwa mama yake, na ukisema "moja ya tatu" anaweza kuelewa ni kitu kimoja kati ya vitu vitatu vyovyote, vikubwa na vidogo. Mi nimezoea kusema hivi: hiki ni kipande ambacho vitatu vyake vinajaza. Cha ine, vine vinajaza. Watoto wanashika haraka sana, na baada ya siku mbili wenyewe wanasema "hii bitatu binajaza", na hapo tayari wamejua ni kwa nini cha tatu kinapita cha ine, ju kama vitatu vinatosha kujaza basi kila kimoja lazima kiwe kikubwa kuliko pale vinahitajika vine.

Kisha chora ku tablo maumbo ine yaliyogawanywa sehemu tatu, mawili yawe yamegawanywa vibaya makusudi, sehemu moja kubwa na zingine nyembamba, na uulize wapi pamepakwa 1/3. Andika pembeni wangapi wamekubali zile mbaya. Usiwasahihishe siku hiyo. Hiyo hesabu utairudia mwishoni ili ujue kama vifaa vyako vimefanya kazi ao vimependeza macho tu.

2. Chagua kizima, na usikibadilishe

Hapa njo nitakaa kidogo, ju wengi tunaharibu hapa.

Mwaka wa kwanza nilifundisha kwa machungwa. Nilinunua, nikakata mbele ya klase, kila mtu akafurahi. Lakini machungwa hayalingani, na kisu hakipiti katikati, na mtoto mmoja aliyekaa mbele akaniambia "mwalimu, nusu yake inapita nusu yangu". Alisema kweli kabisa, na mi nilimjibu nusu ni nusu, nikaendelea. Nimefikiria hilo jibu langu miaka mingi. Yule mtoto alikuwa amegusa roho ya somo zima: nusu ya chungwa kubwa na nusu ya chungwa dogo haziwezi kupimwa moja kwa ingine, ju kizima si kimoja. Nilipaswa kusimama pale pale nishike hayo maneno yake.

Baadaye nikaenda ku duara za karto, ile tunaona ku vitabu, sawa keki. Duara ni nzuri kwa nusu na robo, unakunja mara mbili basi. Lakini jaribu kukata duara vipande vitatu sawa kwa mkono: inahitaji pembe ya digri 120, na klase zetu raporteri, kile kifaa cha kupima pembe, ni moja ya mwalimu, kama iko. Watoto wakikata wenyewe vinatoka vibaya, na kifaa chenye vipande visivyo sawa kinafundisha uongo.

Njo maana sasa nafanya na utepe, yaani kipande kirefu cha karto, sawa mkanda. Utepe unapimwa na lati peke yake. Na urefu ambao nashauri ni cm 24, si 20 wala 25, ju 24 inagawanyika bila mabaki kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12. Angalia:

nusu ni cm 12
1/3 ni cm 8
1/4 ni cm 6
1/6 ni cm 4
1/8 ni cm 3
1/12 ni cm 2

Hakuna milimita, hakuna nukta, hata mtoto wa darasa ya tatu anaweza kupima mwenyewe. Na tena karatasi ya A4 ina cm 21 kwa cm 29,7, kwa hiyo ukikata tepe za upana wa cm 3 zinatoka 7 kamili kwa karatasi moja: moja inabaki nzima, zingine sita ni za hizo fraksio sita. Karatasi moja, seti moja. Klase ya watoto 60 ukiwapanga watano watano ni makundi 12, basi karatasi 12. Tangu masomo ya primeri yalifanywa bure 2019 klase nyingi zimejaa kupita hapo, najua, lakini hata watoto 90 ni karatasi 18 tu, na kwa karto ni bure kabisa.

3. Kukata

Kata tepe zote za mfano wewe mwenyewe, seti moja, polepole, kwa wembe na lati, si makasi (makasi yanapinda ku karto nzito). Hizo za watoto wakate wao. Najua itachukua somo zima na utaona sawa unapoteza wakati, programu inakimbia, direkta anapita ku dirisha anaona karatasi chini. Vumilia. Mtoto aliyepima cm 8 mara tatu akaona imefika 24 bila kubaki hatasahau, na yule aliyepewa kipande kimekatwa tayari anacheza nacho tu.

Rangi: kila fraksio rangi yake, na rangi hiyo isibadilike klase nzima, kama 1/4 ni nyekundu ni nyekundu kwa makundi yote. Kama hakuna fetre za kutosha, tumia alama, nukta moja, mistari, msalaba. Lakini usiandike 1/4 juu ya kipande siku ya kwanza. Mbele iachwe tupu. Nyuma, baada ya wiki, wataandika wenyewe. Mtoto akiona namba anasoma namba, anaacha kuangalia urefu, na sisi tunataka aangalie urefu.

Za 1/5 na 1/10 utanicheka njiani, ju 24 haigawanyiki kwa 5. Tengeneza familia ya pili ya cm 20: nusu cm 10, 1/4 cm 5, 1/5 cm 4, 1/10 cm 2. Hii ni ya lazima darasa ya tano pale nambari zenye koma zinaingia. Lakini iwe kwa karto ya aina ingine kabisa, ile ya kahawia kama ya kwanza ilikuwa nyeupe, na ikae mu mfuko wake, ju ona hatari: 1/6 ya familia ya kwanza ni cm 4 na 1/5 ya familia ya pili ni cm 4 pia! Mtoto akizichanganya anaona 1/5 na 1/6 ni sawa, na macho yake hayamdanganyi, kifaa njo kinamdanganya. Darasa ya sita unaweza kuwaletea hizo mbili kwa makusudi uwaulize ni kwa nini zinalingana. Ni swali zuri sana. Darasa ya tatu, hapana.

4. Kukunja, na ujanja wa kaye

Kabla ya lati wape utepe mmoja wa karatasi wakunje bila kupima. Nusu rahisi. Robo, kunja nusu mara mbili. Cha munane, tena. Waulize kabla ya kufungua: kutakuwa vipande vingapi? Wengi watasema sita, ju wanaongeza mbili mbili, 2, 4, 6. Wafungue wahesabu wenyewe.

Cha tatu wanakunja sawa barua inayoingia mu bahasha, wanasogeza mpaka pande tatu zilale sawa.

Cha tano na cha saba haikunjiki vizuri, hapo njo ujanja wa kaye. Fungua kaye ya mistari pale katikati kabisa, kwenye pini, ili mistari ipite kurasa zote mbili bila kukatika. Chukua utepe, weka pembe yake moja ku mstari wowote, huo uuite sifuri. Sasa laza utepe kwa mshazari mpaka pembe ya pili ya upande huo huo iguse mstari wa 10 kamili. Kila baada ya mistari miwili (wa 2, wa 4, wa 6, wa 8) weka alama ku ukingo wa utepe pale mstari unakutana nao. Umegawanya kwa 5 bila lati na bila hesabu. Kwa 7 unafika mstari wa 14. Inafanya kazi ju mistari ya kaye iko sambamba na imeachana sawa, basi kitu chochote kinachopita juu yake kwa mshazari kinakatwa sawa. Mi huwa nawapa wa darasa ya sita waigundue, na siku hiyo klase inanyamaza kweli.

5. Kamba ya klase

Seti za mezani ni za makundi, lakini unahitaji pia kitu ambacho klase nzima inaona. Chukua kamba, pima m 2,40, yaani ile cm 24 mara kumi. Hivyo nusu iko cm 120, 1/3 cm 80, 1/4 cm 60, 1/6 cm 40, 1/8 cm 30. Ifunge toka ukuta moja mpaka ingine, acha kamba ya ziada pande zote mbili ya kufungia, na usiweke mafundo kuonyesha sehemu, ju kila fundo linakula urefu. Tumia skochi ao fetre. Kamba ya nailo ivute kwanza kwa nguvu kabla ya kupima.

Watoto wanakuja na kadi na kibanio cha nguo, kila mmoja anatundika ya kwake. Pale 1/2 na 2/4 na 3/6 zinagombania mahali pamoja, usiseme chochote. Waache wabishane. Mwishoni watazitundika moja chini ya ingine, na hiyo njo fraksio sawa.

Na kama klase yako ni ndefu weka kamba ya m 4,80, ili kuwe na 0, 1 na 2. Hii naipenda zaidi ya zote, ju mtoto aliyefundishwa na keki peke yake anaamini fraksio haiwezi kupita kizima, ukimpa 3/2 anakuambia ni kosa. Ku kamba 3/2 ina mahali pake, m 3,60, katikati ya 1 na 2, na yeye mwenyewe ataitundika pale.

6. Vitu vya kuhesabu

Fraksio si kukata tu, kuna pia 2/3 ya watoto, 3/5 ya mayai. Hapa plato ya mayai ni zawadi: mashimo 30, mistari 5 ya 6. Mayai hayahitajiki, tia vifuniko vya soda ao mbegu za maharagi. 1/5 ni mstari mmoja, 6. 2/5 ni 12. 1/3 inawasumbua ju mistari ni mitano, inabidi wafikiri upya, 10 na 10 na 10, kisha 2/3 ni 20. Kata pia plato ipatikane ya 12 na ya 18, ili 1/3 isiwe 10 kila siku. Mtoto akizoea plato moja anaanza kuamini 1/3 ni jina la 10.

Na hapa nawaambia kitu cha kwetu. Ku Ishango, pale mto Semliki unatoka mu ziwa Édouard, huko Kivu ya kaskazini, mwaka wa 1950 mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin alipata mufupa mdogo wenye alama zilizochanjwa, wa miaka karibu 20.000, leo uko Bruxelles mu nyumba ya makumbusho. Ku upande mmoja alama zimepangwa 3 na 6, kisha 4 na 8, kisha 10 na 5. Wasomi wanabishana bado zilikuwa za nini, hesabu ao mwezi ao kitu kingine, kwa hiyo usiwaambie watoto kwamba ni somo la fraksio. Lakini wape vijiti vya matete wachanje alama hizo, na waulize wanaona nini kati ya 3 na 6, kati ya 10 na 5. Watoto wa huku wastahili kujua kwamba mtu alikuwa anahesabu hapa karibu na maziwa yetu zamani hivyo.

7. Chupa

Chupa ya maji ya lita 1,5, kata juu pale inaanza kupungua. Usigawanye kwa lati, ju chini kuna mabonde ya plastiki, nusu ya urefu haiko nusu ya maji. Chukua kikombe kidogo, mimina vikombe 12, weka skochi pale maji yanafika: hicho ni kizima. Kama vya 12 vinamwagika tafuta kikombe kidogo zaidi. Mwaga yote, anza tena: cha 3 ni 1/4, cha 4 ni 1/3, cha 6 nusu, cha 8 ni 2/3. Wanaochota maji na bidoni kila asubuhi watakuambia wenyewe kwamba nusu ya bidoni haiko pale katikati, ju juu inalala kuelekea mdomo.

8. Kadi za uongo

Tengeneza kadi 12 zenye michoro, na 5 kati yake ziwe mbaya: vipande visivyo sawa, ao sehemu zilizopakwa zimehesabiwa vibaya. Usiziweke alama. Kazi ya kundi ni kutoa zile mbaya na kueleza kwa mdomo ni kwa nini. Weka pia moja ngumu, mraba uliokatwa robo ine zenye maumbo tofauti lakini ukubwa sawa, mbili pembetatu na mbili mstatili. Wengi wataitupa. Wape makasi wahakikishe.

9. Namba, kifaransa na kujumlisha

Sasa tu, wiki ya pili hivi, alama inaingia. Kadi moja pande mbili: upande mmoja mchoro, upande wa pili 1/3 na chini yake maneno yote, "vitatu vinajaza", theluthi, un tiers. Kifaransa usikiache, ju mtihani wa mwisho wa darasa ya sita uko kwa kifaransa, na demi, tiers, quart hazitoki wazi ku deux, trois, quatre, tofauti na cinquième ambayo inajieleza. Hizo tatu zifundishe peke yake, ziwe ku ukuta.

Kujumlisha: 1/2 + 1/3. Bila kifaa watakuandikia 2/5, karibu klase nzima. Waambie waweke kipande cha nusu na cha tatu kimoja nyuma ya kingine, chini ya utepe mzima. Kisha waulize kama hiyo 2/5 ni ndogo kuliko nusu, inawezekanaje umeongeza kitu juu ya nusu ukapata chini ya nusu? Waache na hilo swali. Halafu watafute ni kipande cha rangi gani kinaweza kupima zote mbili bila kubaki. Watajaribu vya ine, vinapita. Vya munane, havilingani. Vya sita: vitatu chini ya nusu, viwili chini ya 1/3, jumla vitano. 5/6. Mwenye lati anaweza kuhakikisha, 12 na 8 ni 20, na cm 4 mara tano ni 20. Kuna kundi litatumia vya kumi na mbili na kupata 10/12, wapongeze, ni kweli pia, na tayari umepata mwanzo wa somo la kurahisisha.

Kutoa inaenda hivyo hivyo. Kuzidisha na kugawanya, hizi tepe zinasaidia kidogo tu, mi sizilazimishi.

10. Jaribu kwa mtoto mmoja kwanza, kisha tunza

Usiingie klase na seti 12 kabla hujakaa na mtoto mmoja ao wawili, wa jirani hata, ukawapa seti bila kueleza na ukatazama mikono yao. Pale wanakwama njo pale utarekebisha. Kama wanapanga vipande sawa nyumba, waache wapange kwanza, dakika kumi, kisha watakuwa tayari kwa kazi.

Baada ya wiki mbili rudisha yale maumbo ine ya siku ya kwanza, hesabu tena.

Kutunza: mvua ya huku inaingia mpaka mu kabati, karto inavimba. Funika tepe na skochi pana pande zote mbili, kila seti mu mkebe wa maziwa wenye kifuniko, namba ya kundi juu yake, na mtoto mmoja ahesabu vipande kabla ya kurudisha: 1 kizima, 2, 3, 4, 6, 8, 12, jumla 36. Na kipande kikipotea, tuseme cha 1/6, usikate kipya kwa kufuatisha kile kilichobaki, ju kile nacho kimeshaliwa pembeni, na kile kitakachofuata kitaiga kosa, mwisho wa mwaka sita hazijazi tena. Rudi ku lati, cm 4.